Safu ya Nne

Siku ya kwanza tuligombania kiti.
Bwana Pettigrew alitaka mgongo wake uelekee dirisha,
na Sheikh Muhenna hakukubali jua limkodolee macho
kama mtu anayehojiwa kuhusu kuku wa jirani.
Tukakaa ubavu, kama kaa, wote watatu,
mimi katikati na kalamu yangu
na ulimi wa kukodi.

Shehena yenyewe: magunia mia na arobaini ya ndimu kavu,
nyeusi, nyepesi, ukizitikisa zinagongana kama kokwa.
Zimelazwa uani mwa forodha ya Matrah
zikingoja karatasi moja yenye safu sita.
Mwenye mali. Uzito. Idadi. Asili.
Bei. Muhuri.
Tulikwama ya nne.

"Asili," nilisema kwa Kiarabu. Sheikh akaweka kikombe chini.
"Asili ya nani?"
"Ya mzigo."
"Kwani mzigo una ukoo?"
Bwana Pettigrew akataka kujua kilichochekesha.
Nikamwambia, anaomba ufafanuzi.
Ndiyo kazi yangu: mtu anatupa jiwe,
mimi nafikisha kokoto.

Ndimu ni za Sohar, hilo hakuna aliyelibisha.
Lakini Lakhmidas amezinunua kwa rupia za Bombay,
gunia limeshonwa Kalkuta, kamba imesokotwa Malabari,
na Lakhmidas ni raia wa himaya, akasema balozi,
basi mali yake iko chini ya bendera yetu,
na karatasi yake itaandikwa mezani kwetu.
Sheikh akapangusa ndevu, polepole, upande mmoja kisha wa pili.
"Mwambie mti uliokunywa falaji yetu
hauwezi kuzaa raia wenu."
Hilo nililifikisha zima. Lilikuwa zuri mno kulivunja.

Siku ya tano mvuta pangaboi alisinzia,
kamba ikamtoka mkononi, hewa ikafa.
Kwa muda kidogo pande zote mbili
zilikubaliana juu ya jambo moja.

Usiku majabali ya Matrah yanarudisha joto lililokopwa mchana,
na Shambe mlinzi hulala juu ya magunia,
ananuka ndimu hadi kwenye kope.
"Wamefika wapi?"
"Safu ya nne."
"Na jana?"
"Safu ya nne."
Siku ya nane panya walikuwa wamemaliza magunia matatu,
na safu ya tatu, tuliyokwisha kuimaliza kwa halua na kupeana mikono,
ikabidi ifunguliwe upya.

Siku ya kumi na moja nikachoka.
Nilikata neno, nikaandika juu yake: *bandari ya mwisho*.
Halimuulizi mtu kazaliwa wapi,
linauliza tu alisimama wapi kabla ya kufika hapa.
Sheikh akatabasamu kwa kuwa ameshinda.
Bwana Pettigrew akatabasamu kwa kuwa ameshinda.
Lakiri ikayeyushwa, tone moja likaniangukia kidole gumba.

Kisha balozi akanisogezea karatasi nyingine:
nitafuatana na mzigo hadi Bombay, nahitaji hati.
Karatasi ya zamani. Safu zilezile.
Jina: Marhun bin Sleyum.
Uzito nikauruka.
Asili.

Baba wa Rustaq. Mama wa Wete,
aliyevuka na sanduku moja na hakurudi tena,
na hadi leo nikihesabu, gunia moja, mawili, matatu,
hesabu inanijia kwa sauti yake.
Wino ulikauka kwenye ncha. Nikachovya tena.
Nikaandika: *Matrah, bandari ya mwisho.*
Bwana Pettigrew akagonga muhuri bila kusoma.

Uani Shambe alikuwa ameanza kubeba.
Akaniuliza kama wakubwa wamejua hatimaye
ndimu hizi ni za nani.
Nikamwambia, za mchuzi wa samaki.